Kichwa cha Mia na Hamsini na Moja

Mimi ndiye ninayeshika kitabu cha fedha
katika shule ya kutwa, nyuma ya Mwakirunge,
pale lami ya Mombasa inapochoka
na moshi wa jaa huingia darasani bila kubisha hodi.

Miaka tisa niliandika kwa kalamu ya buluu:
kila kichwa, shilingi sawa.
Sawa. Neno tamu hilo, kama halwa ya jirani,
harufu unaipata, sahani huioni.
Kisiwani kuna shule ya vichwa elfu na mia mbili.
Sisi tulikuwa mia moja na kumi na tatu,
ukimhesabu na Tsuma, ambaye msimu wa korosho haji.
Wao wana lango, sisi tuna lango,
na Mzee Ndoro halindi vichwa, analinda lango,
na lango halijui kugawanya.
Bili ya stima haijui kugawanya.
Boza la maji likipanda kilima chetu
haliulizi mko wangapi.

Bureti tulikuwa nayo moja.
Siku ya mtihani wa kemia ilizunguka mikono sita sita
kama kikombe cha kahawa matangani.
Wapo walioiona rangi ile ya waridi
kwa mara ya kwanza siku hiyo, na ya mwisho.

Ndipo ikaja barua ya usawazishaji.
Niliisoma mara tatu, nikamfasiria mkuu wa shule:
wametambua kwamba wa futi nne na wa futi sita
hawashonewi kanzu ya kipimo kimoja.
Shule ndogo itaongezewa fungu.
Ndogo, yaani vichwa visivyozidi mia na hamsini.

Lilichelewa mihula miwili, lakini lilikuja.
Bureti kumi na mbili, zimeviringishwa magazetini.
Choo cha wasichana chenye mlango, mlango wenye komeo.
Mwalimu wa fizikia asiyetutoroka mwezi wa Machi.

Binamu yangu Mejumaa, mhasibu wa kule kisiwani,
akanipigia simu: "Kumbe basi letu limeuzwa
ili nyinyi mpate komeo?"
Tukacheka. Yeye alicheka kidogo.
Jibu sikuwa nalo, na hadi leo sina.

Habari ya komeo husafiri.
Wakarudi waliokuwa wamepanga vyumba Bombolulu,
wakaja wa jaani, vidole vimechanjwa na chupa.
Mia na thelathini. Mia na arobaini na nne.
Ijumaa moja nikapata mia na hamsini kamili,
nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Jumatatu, saa moja na robo, Nyamvula yuko mlangoni.
Aliondoka kidato cha pili, tumbo likionekana.
Mtoto sasa ana mwaka na nusu, yuko kwa bibi.
Sketi ni ile ile, pindo limeshushwa.
"Nimekuja kuendelea," alisema,
utadhani alitoka kunywa maji tu.

Mkuu aliniangalia. Mimi niliangalia kitabu.
Akiingia huyu, sisi si wadogo tena.
Fungu litarudi lilikotoka,
na mwalimu wa fizikia atalifuata.
"Tumwambie aje Januari," mkuu alisema,
kwa sauti ya mtu anayeomba akatazwe.

Ng'ambo ya ukuta kidato cha tatu walikuwa maabara.
Nilisikia kimya chao,
kimya cha watu wanaosubiri tone.

Nikaandika jina lake chini ya mstari wa rula.
Halafu nikavuta karatasi nyingine, ya wizara:
*Kipimo chenu kina ukingo,
na kwenye ukingo huo kuna mtu amesimama.*
Nikaufuta ukingo. Nikaurudisha.

Nyamvula akauliza akae wapi.
Madawati yalikuwa mia na hamsini.
Alikibeba kiti changu kichwani, akavuka uwanja,
na barua ile niliimaliza nikiwa wima.